Neno lina mwenyewe: mwongozo wa kulinda urafiki Goma, mji wa kuta za mbao

Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021, asubuhi, ilitangazwa kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma, mashariki mwa Kongo, zihame. Majengo, tunakokaa, ilikuwamo. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imetapika Jumamosi jioni, ardhi ilikuwa haitulii, na odio za WhatsApp zilikuwa zinasema ziwa Kivu nalo litalipuka kwa gesi iliyolala chini yake. Mtoto mdogo mgongoni, wawili mkononi, sufuria moja na karatasi za shule ndani ya kitenge, tukashika barabara ya Sake kwa miguu. Funguo nilimwachia jirani wa parsele yetu, yaani kiwanja chetu, mama wa makala, anayeuza makaa. Yeye alibaki kwa sababu mama yake mzazi hakuweza kutembea hata mpaka barabara kubwa.

Tuliporudi mwezi wa sita, godoro la chumba cha nyuma halikuwepo. Jirani wa upande wa pili alinisogelea kwenye bomba akasema, "Mama, banasema lilitoka usiku." Sikuuliza hao banasema, yaani hao wanaosema, ni akina nani. Jioni nilimnong'oneza mwenzangu mmoja wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kila Jumapili, nikamalizia na "usimwambie mtu". Kesho yake nikawaongeza wawili. Mama wa makala aliacha kuja kukaa na sisi Jumapili. Alikuwa anatuma mtoto na pesa yake, na mtoto anaondoka mbio.

Mwezi wa nane shemeji yangu alishusha godoro mlangoni kutoka kwenye pikipiki. Siku ile ile tuliyokimbia alipita nyumbani, akaomba funguo, akalichukua ili watoto wasilale chini huko Sake. Katika ule msongamano hakutuona, akaliacha kwa wakwe zake, halafu kazi ikampeleka mbali na simu yake ikapotea. Mama wa makala ndiye aliyemfungulia mlango. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, umbali wa hatua kumi na mbili kutoka kizingiti changu. Hakuna aliyemuuliza.

Ninayoandika hapa yametoka kwenye godoro lile na kwenye miaka iliyofuata. Nimeyapanga kwa hatua kwa sababu mtu mwenye hasira hasomi mahubiri, anataka kujua afanye nini sasa.

Hatua ya 1: Lipime neno likiwa bado mlangoni

Wapo watakaokwambia usimtaje kabisa mtu asiyekuwepo. Hiyo haiwezekani, na wala si adabu. Ukinyamaza kuhusu jirani aliyelazwa, nani atampelekea uji? Usipomwonya dada yako kuhusu mtu anayekopa asilipe, utakuwa umemuuza. Mimi nina kipimo kimoja tu: neno hili linaniomba nifanye kitu gani? "Mama fulani ameachwa na mume, watoto hawajala tangu jana" linaniomba nibebe unga. "Yule fundi alichukua arbuni kwangu akapotea" linaniomba nisimpe arbuni. Lakini "umeona siku hizi anavyovaa?" linaniomba nicheke tu, au nishike mdomo kwa mshangao. Neno lisiloniomba chochote zaidi ya mdomo wangu ni sengenyo, hata likija limevaa huruma. Na huwa linakuja limevaa huruma. "Ninamhurumia sana yule mama, lakini…" Ukisikia "lakini" hiyo, nenda kaangalie sufuria yako jikoni.

Hatua ya 2: Uliza banasema wanakaa avenue gani

Katika Kiswahili chetu cha Goma, banasema ni mtu mkubwa. Ana macho kila mahali, hana jina, na hajawahi kuitwa kutoa ushahidi. Anavuka Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, asubuhi pamoja na mama wanaouza Gisenyi na kurudi jioni amebadilisha nguo. Mfukuze kwa maswali manne, taratibu, bila kukunja uso:

Uliona au ulisikia? Kama ulisikia, kwa nani? Lini? Na mwenyewe anajua kwamba wewe unajua?

Swali la nne ndilo linalouma. Mara nyingi mleta neno ataangalia chini na kusema, "Ah, mimi sitaki mambo." Basi hapo weka sharti lako wazi: "Sawa, nitakwenda kumuuliza, na nikifika nitasema umeniambia wewe." Usilitamke kama kitisho. Litamke kama unavyomwambia mtu kwamba mvua inakuja, aanue nguo. Kwa hesabu yangu ya mtaani, nusu ya maneno yanageuka na kurudi yalikotoka papo hapo. Yanayobaki yanastahili miguu yako.

Odio ni balaa lake peke yake. Ukipokea odio inayomhusu mtu unayemjua, usiipitishe hata kwa kusema "sikia huu uongo". Atakayekuja nyuma yako atasikiliza odio bila kusoma maneno uliyoandika juu yake. Zile za mwaka 2021 zilibeba ukweli mdogo ndani yake, maana gesi ndani ya Kivu ipo kweli, methani na kaboni dayoksaidi. Ukweli ule mdogo ndio uliosaidia uongo wote uliobaki kupita. Masengenyo mazuri yanatengenezwa vivyo hivyo. Godoro kweli lilitoka.

Hatua ya 3: Lipeleke kwa mwenyewe, na ulipeleke likiwa bichi

Neno likilala siku tatu linaota mizizi. Siku ya kwanza unaweza kuuliza "godoro liko wapi?" kama unavyouliza kuhusu karai lililoazimwa. Baada ya miezi miwili, swali lile lile limekuwa mashtaka, na aliyeulizwa atajua umekuwa unalala nalo muda wote huo.

Chagua mahali. Nyumba zetu nyingi ni za mbao juu ya mawe ya volkano. Jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Kwa hiyo usimwite rafiki chumbani ukadhani umemficha. Tembea naye. Mkienda kuchota maji, kila mmoja na bidoni yake, mnakuwa na dakika ishirini ambazo hakuna ukuta, na mnatazama mbele badala ya kutazamana. Kwa neno gumu, kutotazamana kunasaidia sana. Usiende asubuhi sokoni wakati anatafuta mteja wa kwanza. Usiende mumewe akiwa ameketi mlangoni. Na usilimalizie kwa simu, maana simu inakatika palepale ambapo mlikuwa mnakaribia kuelewana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyekata.

Omba ruhusa kwanza. "Mama, niko na neno. Nikuletee leo au kesho?" Nimeona watu wakilidharau hili, lakini linampa mwenzako muda wa kukaa sawa. Kisha fuata mpangilio huu: ulichokiona kwa macho yako, ulichosikia na kwa nani, halafu swali. Ukianza na hitimisho umeharibu. Angalia tofauti yake:

"Mama, nilirudi nikakuta godoro la chumba cha nyuma halipo. Jirani wa bomba aliniambia lilitoka usiku. Wewe ulikuwa na funguo, ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe kabla ya mtu mwingine. Unajua lilikwenda wapi?"

"Watu wanasema mambo kuhusu wewe. Mimi siamini, lakini nimeona nikwambie."

Hii ya pili inasikika kama upole, na watu wengi wanaipenda kwa sababu hiyo. Kwangu ni mbaya kuliko tusi. Inamwachia mwenzako mzigo asioweza kuufungua, haina jina, haina jambo, na wewe unaondoka ukiwa msafi. Usiku atakaa akihesabu majirani wote kwa vidole.

Akishajibu, nyamaza. Mpe nafasi akasirike kidogo. Mtu aliyeulizwa kuhusu wizi, hata kwa adabu, ana haki ya kukasirika.

Maneno ambayo hayabebwi hata kwa hatua hizi

Hapa nitakuwa mfupi na mkali. Kumwita mtu mpelelezi wa upande fulani, kumwita mchawi, kumpa mtu kosa kwa sababu ya kabila lake: katika mji huu maneno hayo hayana kurudi. Watu wamepoteza nyumba na hata maisha kwa sentensi moja iliyosemwa kwenye foleni ya maji. Usiyapime, usiyaulizie chanzo, usiyapeleke kwa yeyote wa kartie. Yaache yafie kwako.

Kwa anayetaka kujua sheria inasemaje: ibara ya 74 ya kanuni ya adhabu ya Kongo, kitabu cha pili, inamwadhibu anayemtajia mtu hadharani na kwa nia mbaya jambo mahususi la kumvunjia heshima. Adhabu yake ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1, pamoja na faini au kimoja kati ya hivyo viwili. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo haimwangalii aliyeanzisha uongo mtandaoni peke yake, inamwangalia na aliyeupitisha. Simshauri mtu amfikishe rafiki mahakamani kwa sengenyo. Ninasema tu kwamba "mimi nili-forward tu" si kinga.

Hatua ya 4: Ukiwa wewe ndiye unayesemwa

Lala usiku mmoja. Usifanye anketi, yaani uchunguzi. Nimemwona mama mmoja akizunguka avenue nzima akiuliza "ulisikia nini kuhusu mimi?" na jioni hata wale wasiokuwa wamesikia walikuwa wameshasikia, tena kutoka kwake mwenyewe.

Mfuate aliyekuletea neno, umwombe akupeleke kwa aliyempa, hatua moja moja kurudi nyuma. Mara nyingi hutafika mwisho, na haidhuru. Ukifika kwa mtu wa pili tayari wamejua kwamba wewe unatembea na swali lako mchana. Usijibu kwa status. Zamani mtu akitaka kumpasha mwenzake alinunua kitenge chenye jina la fumbo, akakishona, akapita nacho taratibu mbele ya mlango. Kulikuwa na gharama na kulikuwa na sanaa. Status ya saa 24 ni ya bure, na watu kumi wasiohusika kila mmoja anadhani amelengwa yeye.

Na kama katika neno lile kuna sehemu ya kweli, ikubali ile sehemu, kwa ukubwa wake halisi, mbele ya mtu anayehusika. "Ndiyo, nilichelewesha deni wiki tatu. Sikuwahi kulikana." Sengenyo linakula kwenye pengo lililopo kati ya unachokificha na kilichopo.

Hatua ya 5: Ukiwa wewe ndiye uliyesema

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiko nilikokaa mimi.

Siku ile godoro liliporudi nilitaka kwenda kwa mama wa makala mara moja, nikilia. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kututembelea, alinizuia. Akaniuliza, "Ulimwambia nani?" Nikasema watatu. "Basi anza na hao watatu. Ukienda kwake kwanza utamwomba akusamehe huku uongo wako bado unatembea nje."

Nilikwenda kwa watatu. Ilinichukua siku mbili, na ilikuwa aibu ya aina yake, maana wa kwanza alinicheka na wa pili alijidai hakumbuki. Sentensi niliyoibeba ilikuwa na vipande vitatu: "Nilikwambia mama wa makala alichukua godoro letu. Si kweli, alilichukua shemeji yangu. Kosa ni langu, na kama ulimwambia mtu, nakuomba urudi kwake." Nilijifunza kutosema "tulielewana vibaya". Hakuna aliyeelewa vibaya; nilisema mimi. Wala usiseme "nilikuwa na mawazo ya volkano". Wote tulikuwa nayo.

Ndipo nikaenda kwake. Mikono mitupu. Hili watu hubishana nami, kwa sababu kwetu mtu haendi kuomba radhi bila kitu, na wazee huko vijijini wangeweka kasiksi, pombe ya ndizi, katikati kabla ya neno lolote. Lakini kasiksi ile inaletwa mbele ya wazee, baada ya kesi kusikilizwa. Ukitokea peke yako na kreti ya soda siku ya kwanza, unamlazimisha mwenzako achague kati ya kukusamehe na kuonekana mtu asiye na utu mbele ya watoto wanaoziangalia chupa. Soda ije baadaye, siku isiyokuwa na sababu.

Nilimkuta anapanga makala kwenye vikopo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nilieleza kila kitu, na majina ya wale watatu. Hakuacha kupanga. Aliuliza swali moja: "Siku uliyorudi, nilikuletea maji ya kuoga watoto. Unakumbuka?" Nikasema ninakumbuka. "Ulikuwa umeshaona kwamba godoro halipo?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akageukia mteja.

Kwa hiyo, jiandae kwa hili: unaweza kufanya kila hatua sawasawa na usisamehewe siku hiyo, wala mwezi huo. Usirudi kesho kuuliza kama ameshatulia. Usitume mtu. Msalimie kila asubuhi kwa jina lake, kama kawaida, na usingoje jibu refu.

Ukweli ambao hakuna aliyekutuma

Kuna swali ninaloulizwa kila mara, la deuxième bureau, mwanamke wa nje. Umemwona mume wa rafiki yako na mwanamke mwingine. Useme au unyamaze?

Nilishawahi kusema, na nilishawahi kunyamaza, na mara zote mbili nililaumiwa. Lakini kama ningerudi nyuma, haya ndiyo ningeyafuata. Sema kama umeona mwenyewe, si kwa banasema. Sema mara moja tu. Sema ulichokiona, bila kukitafsiri: "Jumanne saa kumi na moja nilimwona baba wa watoto kule Himbi, anaingia nyumba fulani na mwanamke ambaye simjui." Huenda ni shangazi yake. Usiongeze ushauri wa kuondoka wala kuvumilia. Yeye ndiye atakayelala katika nyumba ile. Halafu funga mdomo kwa wengine wote, hata kwa mume wako mwenyewe, kwa sababu rafiki yako akisikia jambo lile limerudi kutoka kwa mtu wa pili, hatamkumbuka mumewe, atakukumbuka wewe. Na ujue kwamba wakipatana, utakuwa mgeni katika nyumba ile kwa muda. Kubali gharama hiyo kabla hujafungua mdomo, au usiufungue.

Tofauti ipo moja: kama kuna hatari ya mwili, kipigo au ugonjwa, huna ruhusa ya kunyamaza.

Pesa: soma daftari kwa sauti

Likelemba yetu ina wanawake kumi na wawili, dola 5 kila Jumapili, kwa hiyo kila wiki mmoja anaondoka na dola 60. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, dola hizo 60 zimekuwa ada ya shule, mtaji wa kuuza samaki wadogo wa sambaza, dawa. Uzito wake umeongezeka na maneno yameongezeka pamoja nao.

Tunachofanya ni rahisi mno mpaka wageni hushangaa. Kabla ya kugusa pesa, mshika daftari anasoma kwa sauti: nani ameleta, nani hajaleta, nani anachukua leo, nani wiki ijayo. Anasoma hata pale wote kumi na wawili tunapojua. Anayejua atachelewa anasema Alhamisi, hangoji Jumapili aulizwe. Mtoto akiletwa na pesa, inahesabiwa mbele yake na anapewa karatasi arudi nayo. Na pesa ya rafiki na rafiki, nje ya likelemba, iandikwe pia, hata kama ni franga za inite za simu. Watu huona aibu kumwandikia rafiki deni. Mimi naona aibu zaidi kumkumbusha.

Tulipoanza kusoma daftari, masengenyo ya pesa hayakuisha, lakini yalifupika sana. Mtu akisema "banasema fulani hajalipa", mwenzake anamjibu, "Jumapili tutasikia."

Urafiki uliotengenezwa

Usitarajie urudi ule wa zamani. Sufuria iliyozibwa inapika, ila unajifunza upande wa kuishikia. Usimlazimishe mwenzako akuchekee kama mwanzo, usimhesabie ziara, na usiwaambie watu "tumeshapatana" kabla yeye hajasema.

Mama wa makala alirudi kwenye likelemba mwaka uliofuata. Anakaa upande wa pili wa benchi. Mama yake alipofariki nilikesha naye siku zote, nikiosha vyombo nyuma ya nyumba, na hakuna aliyetaja chochote. Ninapotoka kwenda Bukavu kwa boti, ninamwachia yeye funguo, na anazipokea. Yeye akisafiri, zake anampelekea jirani wa bomba.

Mwezi uliopita alimtuma mjukuu wake kwangu kuomba karai kubwa. Mtoto alisimama mlangoni akasema maneno aliyotumwa, moja baada ya jingine, kama anasoma ubaoni: "Bibi anasema umpe karai, na anasema yeye mwenyewe ndiye amesema."